Nani kasema Msumbiji waligawiwa uhuru kama pipi? Uzi mrefu, kuanzia Mueda 1960 mpaka Machava 1975

mtu_wa_newala (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Juzi kwenye uzi mwingine humu kuna mdau kaandika kwamba Msumbiji hawajapigania chochote cha maana, wanajeshi wa Ureno walipindua serikali yao wenyewe 1974, wakachoka na makoloni, wakagawa uhuru kama pipi. Hiyo sentensi nimelala nayo siku mbili. Babu yangu mzaa mama katoka Mueda, alivuka Ruvuma kuja kukata mkonge Lindi enzi za manamba na kaburi lake lipo Newala, kwa hiyo hili jambo kwangu linauma. Nitaandika kwa vipande kadri muda unavyoruhusu, mwenye cha kuongeza aongeze na mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Turudi nyuma kidogo. Vasco da Gama kapita kisiwa cha Msumbiji 1498 na Wareno wakawa wanajisifu kwamba wametawala karibu miaka 500. Si kweli. Sehemu kubwa ya hiyo miaka walikuwa wamekaa pwani na kwenye bonde la Zambezi, ndani kulikuwa na wenyewe. Ngungunyane, mfalme wa dola ya Gaza kusini mwa Msumbiji, kakamatwa Desemba 1895 pale Chaimite, akapelekwa visiwa vya Azores na akafia huko 1906. Uwanda wa Makonde ndo ulikuwa wa mwisho mwisho, Mreno kaupanda sawasawa wakati wa vita kuu ya kwanza. Maana yake nini, wazee waliomwona mzungu anaingia kijijini kwao walikuwa bado wapo hai wakati wajukuu zao wanashika bunduki 1964. Kwa Wamakonde ukoloni haukuwa hadithi ya mababu wa mababu, ulikuwa ni mgeni aliyekuja juzi na watu wanakumbuka kulikuwaje kabla hajaja.

Na kaskazini yote ile, Cabo Delgado na Niassa, serikali ya Ureno haikuwa hata na pesa ya kuitawala, ikaikabidhi kwa kampuni binafsi, Companhia do Niassa, mpaka 1929. Kampuni ndo inakusanya kodi ya kibanda, kampuni ndo inakamata watu. Huna kodi unachukuliwa chibalo, kazi ya shuruti, barabarani au kwenye shamba la mtu usiyemjua. Kampuni ilipoondoka ikaja pamba. Kuanzia 1938 serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, ilikaza kweli kweli, kaya inapimiwa eneo la pamba, ulime, upalilie, uchume, ubebe mwenyewe mpaka sokoni, na bei imeshapangwa na mwenye kununua. Sasa mtu anayeshinda kwenye pamba ya kampuni mihogo yake anapalilia saa ngapi? Njaa iliingia kwenye ardhi yenye rutuba. Ukigoma kuna kibao cha mbao chenye matundu unapigwa nacho viganjani mpaka mikono inavimba huwezi kushika jembe, wenyewe wanakiita palmatória. Babu alikuwa akikitaja anaficha mikono chini ya mapaja bila kujijua.

Ndo maana watu wakavuka mto. Huku nako alikuwepo mkoloni, Mwingereza, lakini mkonge ulikuwa unalipa hela mkononi. Walikuja maelfu, Lindi, Mtwara, Tanga, wengine mpaka Zanzibar na Kenya. Wenyeji wakawaita Wamawia kwa dharau sababu ya chale usoni na ndonya mdomoni kwa akina mama. Ila kwenye makambi ya mkonge hao Wamawia walipata vitu viwili ambavyo Mreno hakuwapa, Kiswahili na siasa. Waliona mkata mkonge mwenzao ana kadi ya TANU, anaenda mkutanoni, anarudi salama. Neno uhuru likavuka mto kurudi Mueda, wao wanalitamka uhulu.

Nipate chakula nitaendelea.

mtu_wa_newala

Naendelea. MUEDA, 16 Juni 1960.

Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walitokea huku Tanganyika, wakaenda kwa mtawala wa Mueda kusema Wamakonde waliopo ng'ambo wanataka kurudi nyumbani na waishi bila shuruti, wajitawale. Gavana wa Cabo Delgado akaja mwenyewe na umati ukakusanyika mbele ya ofisi, watu wametoka vijiji vya mbali kwa miguu kwa sababu waliamini siku hiyo watajibiwa. Jibu likawa viongozi kutiwa mbaroni. Watu wakachachamaa kuzuia wasichukuliwe, askari wakafyatua risasi.

Kuhusu idadi nitasema ukweli maana humu kuna watu makini. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, miaka yote wamesema waliokufa ni kama 600, kumbukumbu za Wareno zinataja watu wachache sana, na wanahistoria wanabishana mpaka leo. Sitamlazimisha mtu achukue ipi. Ninachojua ni kwamba baada ya siku ile pale uwandani hakuna mtu aliyeamini tena kwamba Mreno ni wa kuombwa. Na Msumbiji huru ilipotoa hela yake, metical, ilichagua kuitoa 16 Juni 1980, miaka 20 kamili.

Halafu linganisha. Mwaka huohuo 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi na Nyerere akawa waziri kiongozi Septemba. Mto mmoja, kabila moja, ng'ambo hii watu wanapiga kura na ng'ambo ile wanapigwa risasi. Tofauti ilikuwa wapi? Mwingereza alishajua koloni lina mwisho, anapiga hesabu ya kuondoka na marafiki. Salazar 1951 alibadilisha katiba akasema hakuna tena makoloni, hizi ni mikoa ya Ureno iliyopo ng'ambo ya bahari. Kama ni mkoa utaujadili uhuru wake na nani? Hapo ndo Msumbiji, Angola na Guinea Bissau wakakosa njia ya mezani ambayo sisi tuliipata.

darajani78

Mkuu umeandika vizuri ila hapo umenisaidia hoja yangu mwenyewe. Mimi ndo niliyeandika ile sentensi, sijaifuta. Kama njia ya mezani ilikuwa imefungwa basi waliifunguaje wenyewe? FRELIMO imezaliwa Dar, imefundishwa Tanzania, imekula Tanzania, silaha za Mchina na Mrusi, na mwisho wa siku aliyemwangusha Caetano, waziri mkuu wa Ureno aliyemrithi Salazar, ni kapteni wa Kireno pale Lisbon si mpiganaji wa Mueda. Sisemi hawakuteseka, nasema kilichowapa uhuru ni kitu kingine.

mama_wa_songea

Samahanini wanangu, mimi si mtu wa kuandika sana lakini hapa sitaweza kupita kimya. Nilikuwa msichana mdogo Muhukuru wakati wakimbizi wanaingia. Waliingia usiku, walikuwa hawana viatu, mama mmoja alikuwa amembeba mtoto ameshakufa na hakutaka kumshusha. Baba yangu alitoa shamba la ekari mbili wakalima. Na sisi huku mpakani hatukuwa watazamaji, ndege za Mreno zilikuwa zinavuka, mabomu ya kutegwa yalikuwa upande wetu pia, watu walipoteza miguu wakienda kuchota maji mtoni. Kwa hiyo mwanangu darajani ukisema Tanzania iliwalisha ni kweli, iliwalisha, lakini usiseme kama vile ni jambo la kuwapunguzia wao. Waliolishwa walirudi kupigana.

mtu_wa_newala

Shikamoo mama, na asante sana. Hilo la mguu kukatika mtoni kule kwetu Newala pia wapo wazee wanalo mpaka leo.

Darajani nimekuelewa na heshima kwako kujitokeza. Twende na hoja zako moja moja.

Ni kweli FRELIMO imezaliwa Dar, 25 Juni 1962. Kulikuwa na vyama vitatu vya watu wa Msumbiji waliopo nje, MANU ya Wamakonde wa Tanganyika na Kenya (hata jina utaona limefuata TANU na KANU), UDENAMO iliyoanzia Bulawayo na UNAMI ya watu wa Tete waliopo Malawi. Nyerere alikataa kufanya kazi na vyama vitatu vinavyogombana, wakaungana, na Eduardo Mondlane akachaguliwa kuongoza. Huyu ni mtoto wa chifu wa Gaza, kazaliwa 1920, kasoma mpaka udaktari wa falsafa Marekani, kafanya kazi Umoja wa Mataifa kwenye idara ya nchi za udhamini na huko ndo wakajuana na Mwalimu aliyekuwa anaenda kuitetea Tanganyika.

Sasa sikiliza. Vijana wa kwanza walienda kufundishwa Algeria, wale waliokuwa wametoka kumfukuza Mfaransa. Wakarudi, wakapewa Kongwa, halafu Nachingwea ikawa kambi kuu. Wenye kumbukumbu mnajua Kongwa na Nachingwea zilikuwa nini kabla, ni mashamba ya karanga ya Mwingereza yale yaliyomshinda akayatelekeza. Mimi huwa nafurahi sana nikifikiria hilo, ardhi iliyofyekwa ili Uingereza ipate mafuta ya kula ikawa shule ya kumfukuza Mreno.

Lakini wengi wa waliovuka na kufa walikuwa watu wa Msumbiji wenyewe. Vita vilianza 25 Septemba 1964, kikosi cha Alberto Chipande kilishambulia kituo cha Chai, na wapiganaji waliokuwa tayari wakati huo ni kama 250 tu. 250 kwa nchi ya ukubwa ule! Risasi inatoka Mtwara, inavuka Ruvuma kwa mtumbwi, halafu inatembea kichwani. Kichwani mwa nani? Akina mama, mabinti, wazee. Hakuna gari hapo, hakuna punda, ni mtu na sanduku wiki nzima porini huku ndege inazunguka juu. Kurudi wanabeba korosho, ufuta, karanga na vinyago kuja kuuza Tanzania ili wapate chumvi, nguo na jembe. Sijui kama mnaelewa ukubwa wa hili jambo, vita nzima ya kaskazini ilikaa juu ya shingo za wanavijiji, na siku wanavijiji wangechoka hata Mchina angeleta meli kumi zisingefika Chai. 1967 wanawake wakaundiwa kikosi chao kabisa, na Josina aliyekuja kuolewa na Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji huru, alitokea humo. Kafariki Dar 7 Aprili 1971, miaka 25 tu, na tarehe hiyo ndo siku ya wanawake Msumbiji.

Usiku mwema, kesho naingia kwenye 1968 maana huko ndo kuna maumivu.

mchambuzi_wa_kusini

Nasubiri hiyo 1968. Ila mkuu usije ukaruka suala la Uria Simango. Watu wengi wakiandika historia ya FRELIMO wanamfanya kama hajawahi kuwepo wakati alikuwa makamu wa rais tangu mwanzo. Na Nkavandame je? Mmakonde mwenzako huyo.

mtu_wa_newala

Siruki kitu. Nimerudi.

1968 FRELIMO nusura ife, na isingeuawa na Mreno, ingejiua yenyewe hapahapa Dar. Kulikuwa na shule yao Kurasini, Taasisi ya Msumbiji, aliyoisimamia Janet mke wa Mondlane. Wanafunzi wakagoma, wanasema sisi tumekuja kusoma twende vyuo vya nje na nyie mnataka kutupeleka vitani, padri mmoja anaitwa Mateus Gwenjere akawa upande wao, Machi shule ikafungwa. Mei kundi la Wamakonde likavamia ofisi ya chama Dar na mtu akafa. Malalamiko yao ni haya: wanaokufa ni sisi wa kaskazini, wanaoamuru ni wa kusini wenye elimu. Na nitasema wazi, hilo lalamiko halikuwa la uongo. Uongozi wa juu kweli ulikuwa na watu wengi wa kusini na damu nyingi ya mwanzo ilikuwa ya Wamakonde.

Lazaro Nkavandame ndo alikuwa mkubwa wa Cabo Delgado kwa upande wa FRELIMO. Huyu mzee aliwahi kuanzisha ushirika wa pamba kabla ya vita, watu wanamwamini, biashara yote ya maeneo yaliyokombolewa ipo mikononi mwake na wenyeviti wake. Tatizo likaanza hapo. Mwanakijiji anabeba ufuta siku tano kichwani, akifika anapewa chumvi kiganja. Watu wakaanza kuuliza kama tumemtoa mwenye kampuni ya pamba ili aje mwenyekiti. Hapo mgogoro ukawa si wa kabila peke yake, ukawa wa swali kwamba tukishinda, shamba la nani? Julai 1968 wakafanya mkutano mkuu wa pili ndani ya Msumbiji kabisa, Matchedje mkoani Niassa, porini, na upande wa Mondlane ukashinda. 1969 Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno, wakamtumia kuwaita Wamakonde watoke porini. Na Wamakonde hawakutoka! Yaani mkubwa wao, kabila lao, kawaita kwa redio na vikaratasi vya ndege, wakabaki. Darajani naomba ulitafakari hili. Mtu anayesubiri kupewa uhuru hakai porini wakati mzee wake anamwita arudi nyumbani.

Katikati ya hayo ndo wakamuua Mondlane. 3 Februari 1969, kapokea kifurushi cha kitabu, kakifungulia kwenye nyumba ya rafiki wa familia Oysterbay, kikalipuka. Kazikwa Kinondoni kisha 1979 mabaki yake yakahamishiwa Maputo.

Simango. Baada ya Mondlane akawekwa kwenye uongozi wa watu watatu pamoja na Samora Machel na Marcelino dos Santos, akaandika waraka mkali kuwashutumu wenzake, akafukuzwa. 1974 akarudi Msumbiji akajiunga na wapinzani wa FRELIMO. Akakamatwa, akaletwa Nachingwea akasomeshwa maungamo mbele ya watu 1975, na baadaye akauawa huko Niassa pamoja na wenzake, akiwemo Nkavandame na Gwenjere, bila mahakama ya wazi, na mke wake Celina naye akauawa. Familia haikuonyeshwa kaburi. Mimi naipenda FRELIMO ya porini kwa moyo wote lakini hili siwezi kulitetea na sitalitetea. Watu waliopigana kuondoa polisi wa siri wa Salazar hawakupaswa kumwua mtu gizani.

mchambuzi_wa_kusini

Asante kwa kulisema. Wengi wanalikwepa. Endelea mkuu.

mtu_wa_newala

Sasa tufike kwenye mfupa wenyewe, hoja ya Lisbon.

1970 Mreno kamkabidhi jenerali Kaúlza de Arriaga amri ya majeshi yake yote Msumbiji, akapanga operesheni kubwa kuliko zote, wakaiita Nó Górdio, askari kama 35,000 kuanzia Julai, helikopta, mizinga, barabara zinachongwa porini, lengo kufuta kambi zote za uwanda wa Makonde. Kambi kubwa waliziteka kweli. Na hakukuwa na mtu ndani. FRELIMO wakasambaa, wakahamishia nguvu Tete ambako Mreno alikuwa anajenga bwawa la Cahora Bassa. Ikabidi askari wakalinde bwawa, wakalinde barabara ya bwawa, wakalinde reli. 1972 wapiganaji wameshavuka Zambezi wapo Manica na Sofala, katikati ya nchi, karibu na mashamba ya walowezi. Ulitaka kubana uvimbe kaskazini ukatokea tumboni.

Hasira zake akazimalizia kwa wanavijiji. Wiriyamu, Tete, 16 Desemba 1972, makomando wakaingia wakaua wanaume, wanawake, watoto, wengine wakachomwa ndani ya nyumba. Karibu watu 400. Mapadri waliokuwa eneo lile walikusanya majina ya marehemu mmoja mmoja, na Julai 1973 habari ikatoka kwenye gazeti la The Times la London siku chache kabla Caetano hajaenda ziara Uingereza. Alipokelewa na maandamano. Wale mapadri Mungu awakumbuke, kuandika jina la kila mtoto aliyekufa kwenye kijiji kisichokuwepo hata kwenye ramani ni kazi ya ujasiri.

Haya, sasa huyo kapteni wa Lisbon. Darajani, alipindua kwa nini? Ureno ilikuwa nchi maskini kuliko zote Ulaya magharibi, inapigana vita tatu kwa mpigo, Angola tangu 1961, Guinea tangu 1963, Msumbiji tangu 1964, na karibu asilimia 40 ya bajeti inaenda jeshini. Vijana wanakimbilia Ufaransa wasichukuliwe jeshini. Maofisa wakaisha, kwa hiyo 1973 serikali ikatoa sheria kwamba hawa maofisa wa muda wapigwe msasa kidogo wapande vyeo sawa na waliosomea. Makapteni waliokuwa wamezunguka Afrika miaka kumi wakakasirika, wakaanza vikao vya siri, vikao vya vyeo vikageuka vikao vya kuuliza hii vita inaisha lini. Januari 1974 Beira walowezi wa kizungu wakaandamana dhidi ya jeshi lao wenyewe, wakawarushia maneno na mawe maofisa kwamba hawawalindi na FRELIMO. Fikiria wewe ni kapteni umekaa porini miaka, rafiki zako wamekufa, halafu yule unayemfia anakutemea mate. Miezi mitatu baadaye, 25 Aprili 1974, serikali ikaanguka. Kwa hiyo ukiniambia kapteni ndo kamwangusha Caetano nakubali, lakini aliyemchosha kapteni ni nani? Ni yule mama mwenye sanduku kichwani.

Na haikuishia hapo, maana hili ndo watu hawalijui. Baada ya mapinduzi Jenerali Spínola, aliyeshika urais wa Ureno, HAKUTAKA kutoa uhuru. Alitaka vita visimame, watu wapige kura ya maoni, kuwe na shirikisho na Ureno. Samora akakataa, akasema hatuulizwi kama tunataka uhuru wetu. Vita ikaendelea, Julai wakafungua uwanja mpya Zambezia. Na tarehe 1 Agosti 1974 kambi ya Omar, hapo karibu na Ruvuma, askari wa Kireno zaidi ya 100 walijisalimisha kwa FRELIMO na wakaletwa Tanzania kama mateka. Askari wa mwaka 1974 hakuwa tayari tena kufa kwa ajili ya shirikisho la Spínola. Mazungumzo yakafanyika Lusaka na Dar, na 7 Septemba 1974 mkataba ukasainiwa Lusaka, uhuru kamili, unakabidhiwa kwa FRELIMO, bila kura ya maoni. Siku hiyohiyo walowezi wakateka redio Lourenço Marques (Maputo ya leo) wakidhani watarudisha mambo nyuma, zikapita siku chache yakaisha, na watu wengi walikufa mitaani. Joaquim Chissano wa FRELIMO akawa waziri mkuu wa serikali ya mpito, mawaziri sita wa FRELIMO na watatu wa Ureno.

kijana_wa_nyeri

Wadau, salamu kutoka Kenya. Nimesoma uzi wote na nimejiuliza swali moja. Kwetu waliokuwa msituni kuanzia 1952 hawakuwa ndio walioshika serikali 1963. Kimathi alinyongwa Februari 1957, na wengi waliotoka msituni walikuta mashamba yao yamegawiwa walinzi waliokuwa upande wa Mwingereza wakati wa kusajili ardhi. Huko Msumbiji waliopigana ndio waliotawala. Je, wale wabeba masanduku walipata nini?

mtu_wa_newala

Ndugu yangu wa Nyeri, hilo swali ni zito na jibu lake ni nusu kwa nusu. Ardhi yote ilitaifishwa, hospitali na shule zikawa za watu, na wakongwe wa vita kule Mueda mpaka leo wanalipwa pensheni, wanaheshimika. Upande mwingine walipelekwa kwenye vijiji vya pamoja, wengi vikiwa palepale Mreno alipowakusanya kwa nguvu, wakaona hii si ile tuliyoipigania. Halafu ikaja vita ya waasi wa RENAMO. Kwa hiyo tofauti na kwenu ni kwamba waliotawala walitoka msituni kweli, ila kutoka msituni hakukumzuia mtu kusahau njia ya msituni.

darajani78

Mkuu nimesoma yote, la Omar na la Spínola kukataa kiukweli sikuwa nayajua, na la Nkavandame kuwaita wakabaki limenigusa. Nafuta neno pipi na naomba radhi kwako na kwa mama. Ila bado nasimamia kitu kimoja, bila Guinea na Angola kupigana wakati uleule Msumbiji peke yao wasingemchosha Mreno mpaka apinduane. Kule Guinea walijitangazia uhuru Septemba 1973 kabla ya Lisbon.

mtu_wa_newala

Hapo tupo pamoja kabisa mkuu, tena Guinea ndo ilimuuma zaidi Mreno kijeshi, na harakati ya makapteni ilianza na watu waliotoka huko. Ugomvi wangu ulikuwa na neno kupewa.

mama_wa_songea

Nimekusamehe mwanangu. 1975 walipokuwa wanarudi kwao walipita kuaga nyumbani, yule mama niliyemsimulia alimwachia marehemu mama yangu jiwe lake la kusagia kwa sababu lilikuwa zito kuvuka nalo. Lipo, tunalitumia.

mtu_wa_newala

Mama umenitoa machozi.

Namalizia la kwangu. 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu ile siku ya Dar, Samora alitangaza uhuru usiku uwanja wa Machava, amefika pale baada ya kuizunguka nchi mwezi mzima kuanzia kaskazini, Ruvuma mpaka Maputo. Babu alisikiliza kwa redio ya jirani hapo Newala. Mama anasema hakushangilia, alikaa tu nje mpaka asubuhi akawasha moto. Hakuwahi kurudi, alikuwa na mke huku, watoto, mikorosho, akawa anasema mwakani, mwakani.

Daraja la Umoja lilipofunguliwa 2010 nilimwahidi mama nitampeleka na tulifanikiwa kwenda kabla huko Cabo Delgado hakujaharibika kwa mashambulizi ya waasi. Tulivukia Mtambaswala, barabara mbovu mno, tukafika Mueda jioni ya siku ya pili. Mama akaenda mpaka penye mnara wa kumbukumbu ya 16 Juni, akasalimia kwa Kimakonde cha Newala. Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini akainuka, akamtazama sana, akamuuliza wewe ni likola gani. Mama akataja ukoo wa upande wa babu. Yule mzee akamshika mkono akasema twende, ndugu zako wapo.